Muvure wa Harusi ya Delphine

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, Isidore alishuka mteremko wa Kadutu, mtaa wake wa mjini, kwenda kazini. Alivaa abakosti, suti ya kijivu isiyo na tai, iliyopigwa pasi na mke wake, Emérence. Kwapani alibana faili la makaratasi. Katika biro, ofisi ya chai alimofanya kazi, aliitwa Citoyen, yaani Mwananchi, Bulonza, kwa sababu miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Nyumbani na kanisani alibaki Isidore, wala hakuna aliyelalamika.

Isidore alikuwa mtu mwema. Alipenda watoto wake. Siku za mapumziko alikwenda kijijini Nyantende kulima shamba aliloachiwa na wazazi. Ila alikuwa na kasoro moja ndogo: alijibu maswali kabla hayajaisha. Majirani walimwuliza mambo ya kuku, mambo ya mabati, mambo ya tumbo, naye alijibu yote. Kuku kadhaa walikufa kwa majibu yake.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba, habari njema ilifika kutoka kijiji cha Mudaka. Delphine, binti yake wa kwanza, alikuwa amechumbiwa na kijana wa huko aitwaye Lucien. Sasa baba yake Lucien, Papa Raphaël, alituma ujumbe. Baada ya wiki tano, siku ya Jumamosi, ukoo wake utakuja Nyantende na ng'ombe wa mahari.

Emérence alifurahi, kisha akashika kichwa.

"Papa Delphine, kasiksi tutakamulia mu nini?"

Swali lilikuwa zito. Kasiksi ni pombe ya ndizi. Ukoo wa mume hauingizi ng'ombe uani kabla ya kuionja. Na kasiksi haitengenezwi katika sufuria. Inataka muvure, yaani gogo kubwa lililochimbwa ndani kama mtumbwi. Humo ndizi mbivu zinakamuliwa, na humo humo maji yake yanachanganywa na unga wa mtama na kuachwa yachachuke.

Muvure wa mama yake Isidore ulikuwapo Nyantende, lakini tangu mama afariki ulikuwa umeachwa nje, juani na mvuani. Ulikuwa umepasuka kutoka kichwa hadi mguu. Kuku walikuwa wakitagia humo.

"Tutaazima kwa jirani," Delphine alisema.

"Hapana, mwanangu," Emérence alijibu. "Mutu anaazima jembe. Anaazima viti, hata sahani. Lakini ndizi za harusi ya binti yake hazikamuliwe mu muvure ya mwengine. Bakwe bakijua, banageuka na ng'ombe zao."

Ndiyo desturi ya ukoo wao, na Papa Raphaël alijulikana kuwa mshika desturi. Mwaka uliopita alikuwa amerudisha ng'ombe njiani, kwenye harusi ya mpwa wake, kwa sababu kasiksi ilinuka moshi. Harusi ile haikufungwa tena. Delphine alikijua kisa hicho, na tangu ujumbe ufike hakula vizuri.

Isidore hakuwa na wasiwasi.

"Wala musisumbuke," alisema. "Baba aliniachia mikaratusi. Tutaangusha moja, tutachonga muvure. Muti ni muti."

Emérence alimtazama.

"Mukaratusi? Si ndiyo ile tunafukizaka batoto na majani yake bakiwa na mafua?"

"Majani ni majani. Gogo ni gogo."

Basi kule Nyantende mkaratusi ukaanguka. Ulikuwa mnene, na Isidore aliuzunguka akiupigapiga kwa kiganja kama mtu anayenunua fahali. Kisha akaamua jambo lingine. Gogo lilikuwa bichi, na yeye alikuwa na haraka. Akaagiza livingirishwe katikati ya uwanja, kwenye jua kali la kiangazi, na maganda yake, juu ya udongo mtupu.

"Siku nane tu litakauka," alisema. "Kisha tutachonga."

Siku ya tatu kulisikika mlio, pa! Delphine alidhani mtu amevunja kuni. Siku ya tano, vichwa vyote viwili vya gogo vilikuwa na nyufa unazoweza kuingiza kidole. Isidore aliziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi, akaendelea kupiga mluzi. Siku ya nane waliliita kundi la vijana wenye mashoka. Walichimba kwa jasho jingi, maana mkaratusi ukianza kukauka unakuwa mgumu kweli kweli.

Emérence hakutaka kungoja siku yenyewe. "Tujaribu kwanza," alisema. Alileta vichane vichache vya ndizi zilizoivia shimoni. Wanawake walizimenya, wakazikamua kwa majani hadi povu likatoka.

Maji ya ndizi hayakukaa. Yaliulainisha udongo wa Isidore, yakapita kwenye nyufa, yakamwagika chini. Nyuki walikuja kwa wingi na kushukuru. Kilichobaki ndani kilijaza kibuyu kimoja, na rangi yake ilikuwa ya kahawia isiyoeleweka.

Isidore alikunywa mafundo mawili. Wote walimtazama.

"Iko namna gani?" Emérence aliuliza.

"Iko..." Isidore alikohoa. "Iko ya kisasa."

Delphine alionja naye. Macho yake yalijaa machozi, na hayakuwa ya kikohozi.

"Papa," alisema, "Papa Raphaël atakuja kunywa dawa ya mafua ku harusi yangu?"

Isidore aliweka kibuyu chini. Alikaa kwenye jiwe na abakosti yake yenye madoa ya ndizi. Siku kumi na mbili zilikuwa zimepotea. Zilibaki wiki tatu na siku chache. Kwa mara ya kwanza aliona ng'ombe wakigeuzwa njiani na binti yake akibaki mlangoni.

"Enda kwa Maman Virginie," Emérence alimwambia.

Maman Virginie aliuza magogo, mbao na kuni karibu na ziwa, chini ya barabara kuu. Mume wake alikuwa mpasua mbao, na mama huyu alikuwa amefanya naye kazi miaka ishirini kabla ya kubaki mjane. Watu wa mji mzima walimjua.

"Mimi, mutu wa biro, nimuulize muuza kuni?"

"Mficha uchi hazai, Papa Delphine. Ukificha, binti yako njo atalipa."

Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya lazima ya usafi wa mtaa, Isidore alishuka ziwani. Alikuwa bado na koleo begani na matope miguuni. Maman Virginie alikuwa amekaa kwenye kigogo, akimenya viazi vitamu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kilemba cha kijani na macho yanayocheka kabla ya mdomo.

"Jambo, Maman."

"Jambo sana, Citoyen. Karibu."

"Aksanti. Si mimi niko na shida," Isidore alianza. "Ni rafiki yangu wa biro. Alikata mukaratusi. Aliweka gogo ku jua ikauke mbio. Sasa gogo imepasuka. Anauliza ju ya nini."

"Ah, rafiki," Maman Virginie alisema. Alimtazama vidole, ambavyo vilikuwa na utomvu. "Huyu rafiki, iko na binti wa kuolewa?"

Isidore aliinamisha kichwa. Kisha akacheka, kwa sababu hakubakiwa na la kufanya.

"Ni mimi, Maman. Nisaidie."

"Sasa tutasaidiana. Ungekuja mbele ya kukata, nisingecheka hata kidogo."

Alimpeleka chini ya paa la mabati. Magogo yalikuwa yamelazwa hapo kwa safu, kila moja juu ya mawe mawili. Hayakugusa udongo, wala hayakugusana. Vichwa vyake vilikuwa vimepakwa rangi kuukuu.

"Gogo mbichi iko na maji mingi," Maman Virginie alieleza. "Maji inatoka wapi kwa nguvu? Ku vichwa. Muti hai unapitisha maji toka chini kwenda juu, kama mirija. Ukikata, mirija inabaki wazi ku vichwa. Jua ikipiga, inje inakauka mbio na kusinyaa. Ndani bado iko mbichi, haitaki kusinyaa. Sasa inje inavuta, ndani inakataa. Itafanya nini?"

"Itapasuka," Isidore alisema polepole.

"Njo vile. Kwa hiyo tunafunga vichwa. Rangi ya zamani, nta, hata udongo na majani kama hauna kitu. Tunaweka gogo mu kivuli, juu ya mawe, upepo upite chini. Inakauka polepole. Haraka ni ya kwako, haiko ya gogo."

"Na maganda?"

"Gogo ya nguzo ao ya boriti, toa maganda siku ile ile. Chini ya maganda wadudu banajifichaka, na unyevu unakaa. Mchwa wanapenda sana ile nyumba. Na nguzo yenyewe, ukiweza, isimame juu ya jiwe. Ukiifukia mu udongo, inaozaka pale pale udongo unaishia."

Isidore alikumbuka nguzo za jiko la Nyantende, zilizooza zote kwenye usawa wa ardhi. Alitoa kalamu mfukoni na kuanza kuandika nyuma ya karatasi ya biro. Maman Virginie alingoja amalize.

"Na harufu, Maman? Nyufa nimeelewa. Lakini maji ya ndizi ilinuka dawa."

"Mukaratusi iko na mafuta ndani, hata mu gogo. Ni muti muzuri. Ni boriti, ni nguzo, ni makala, ni kuni. Lakini haiko sahani. Kila muti na kazi yake. Ukitaka mbao ya meza, tafuta grevilea ao siprese. Ukitaka kinu cha kutwangia, tafuta muti mugumu. Ukitaka muvure, tafuta muti mwepesi, mweupe, wenye hauna harufu."

"Jina yake ni nini?"

Mama yule alitikisa kichwa. "Wa Nyantende banauita hivi, wa Mudaka banauita vile. Mutu anaweza kukuuzia jina. Usinunue jina. Uliza kwanza: ni nani alishakula ao kunywa mu chombo cha muti hii? Kama hakuna, acha. Iko miti yenye utomvu wake unachoma ngozi, ingine ni sumu. Usiionje hata siku moja. Kama iko inajulikana, chukua vipande vyake, loweka mu maji, nusa. Maji ikinuka ao ikigeuka rangi sana, acha."

Nyuma ya ghala kulikuwa na magogo mawili meupe, yamelala kwenye kivuli. Vichwa vyake vilikuwa vimefungwa kwa udongo na majani ya migomba. Yalikatwa juma lile lile. Maman Virginie alimbandulia Isidore kipande kidogo. Isidore alikinusa. Hakikunuka kitu.

"Lakini hii ni mbichi!" Isidore alishtuka. "Itangoja kukauka hata lini? Wiki tatu tu zinabaki!"

"Nani alikuambia muvure unachongwa ku gogo kavu?" Maman Virginie aliuliza. "Samaki mkunje angali mbichi. Muvure pia. Gogo zima inapasuka sababu moyo wake uko ndani. Ukichimba ikiwa mbichi, unatoa moyo, ukuta zinabaki nyembamba, inakauka sawasawa. Tena mikono ya mufundi haiumie."

Isidore alikumbuka vijana wake na jasho lao. Akaandika na hilo pia.

Fundi wa Maman Virginie aliitwa Camille. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tezo lililonolewa hadi likang'aa. Isidore alichagua gogo moja, wakaelewana bei bila kelele, na kazi ilianza pale ghalani Jumatatu. Siku ya nne, lile gogo lilikuwa muvure. Kuta zake zilikuwa na unene wa vidole vitatu, na sakafu yake laini kama ndani ya kibuyu. Isidore alipitisha mkono ndani na kutabasamu peke yake.

"Sasa jua?" aliuliza.

Camille alimtazama kama anayemtazama mtu aliyetukana kanisani.

Waliupandisha muvure juu ya mawe, chini ya paa. Wakaujaza vipande vyake wenyewe vilivyotoka kwenye tezo, wakaufunika kwa majani ya migomba. Vichwa vilipakwa nta ya nyuki. Kila siku mbili Camille aliondoa majani kidogo, ili hewa iingie polepole. Hakukuwa na kingine cha kufanya ila kungoja.

Na kungoja ndiko kulikomshinda Isidore. Kila jioni, akitoka kazini, alipita ziwani kuutazama muvure. Aligusa. Alinusa. Alipima unyevu kwa kiganja, akaona haukauki. Siku ya tisa, adhuhuri, Maman Virginie akiwa ameenda sokoni, Isidore alishindwa. Aliondoa majani yote upande mmoja, na kulikuwa na bati lililotoboka pale juu. "Jua kidogo tu," alijisemea. Kisha akakimbilia biro.

Jioni aliporudi pamoja na Emérence, Camille alikuwa amechuchumaa mbele ya muvure.  Alionyesha kwa kidole. Kwenye kichwa kimoja, pale jua lilipopita, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Emérence aliziba mdomo kwa kanga.  Zilibaki siku nane.

"Ni nani alitoa majani?" Maman Virginie aliuliza. Hakucheka.

Angeweza kusingizia upepo. Angeweza kusingizia mbuzi, na mbuzi walikuwapo. Isidore alisogea mbele.

"Ni mimi," alisema. "Niliogopa haitakauka. Munisamehe."

Emérence alimgeukia. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa, hakuwahi kusikia maneno hayo.

Camille alichukua kisu. Alichokonoa ule ufa taratibu, akauangaza, akaupima kwa ncha ya unyasi. Ulikuwa mrefu lakini si wa kina. Unyasi uliingia kidogo tu, ukagoma.

"Iko juu ya ngozi," alisema. "Haijapita."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile, na Isidore angeweza kumkumbatia. Camille alipasha nta ya nyuki, akaimimina kwenye ufa, akaisugua kwa kidole gumba. Kisha akafunika muvure wote upya. Maman Virginie akaziba lile tundu la bati kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa, Citoyen," alisema, "utakuja kutazama na macho. Mikono utaacha ku biro."

Wakati wanaume wanahangaika na nta, Emérence naye alikuwa na swali lake.

"Maman, kuni zangu zinaniliza kila siku. Jiko inajaa moshi, mutoto mudogo anakohoa. Ni kuni mubaya?"

"Haiko mubaya. Ni mbichi." Maman Virginie aliokota vipande viwili na kuvigonganisha. Vililia kwa sauti ya wazi, ko, ko. Akaokota vingine viwili. Vilitoa sauti nzito, iliyokufa. "Sikia. Hii inalia, ni kavu. Hii iko bubu, ni maji. Ukiiweka mu moto, moto unafanya kazi ya kukausha mbele ya kukupikia. Njo maana ya moshi. Na tazama kichwa: kuni kavu iko na nyufa ndogo ndogo."

"Kumbe kule nyufa ni muzuri?"

"Ku kuni, ndiyo. Ule mukaratusi wa bwana yako usiutupe. Pasua, panga chini ya paa, isiguse udongo, hewa ipite katikati. Ngoja miezi sita. Utaniambia."

Emérence alimtazama mume wake, na wote wawili walicheka. Gogo la aibu lilikuwa limepata kazi.

Siku nne kabla ya sherehe, wanaume wanne waliupandisha muvure hadi Nyantende, begani, wakiimba. Kazi ya kwanza haikuwa ndizi. Maman Virginie alikuwa ameagiza: ujazwe maji usiku na mchana, kisha maji yamwagwe, ladha ya mti iondoke.

Asubuhi iliyofuata, Isidore alikwenda kuutazama kabla hajanawa uso. Maji yalikuwa yale yale, hadi pale pale. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya muvure, upande huu na upande ule. Ardhi ilikuwa kavu. Alipapasa tena, polepole. Vumbi tupu.

"Mama Delphine!" aliita. "Njoo! Njoo ushike vumbi!"

Emérence alikuja mbio, akashika vumbi. Delphine alikuja, akashika. Wote watatu walikuwa wamechuchumaa pale na mikono michafu, wakicheka kama watu waliookoka mafuriko. Isidore aliona mwili wake umekuwa mwepesi. 

Siku ile ile walianza kukamua. Maji ya ndizi yalitoka meupe yenye povu. Emérence aliyachanganya na unga wa mtama uliokaangwa, akayafunika kwa majani. Aliunusa muvure mara tatu. Ulinuka ndizi, basi.

Jumamosi ilifika. Papa Raphaël alikuja na ukoo wake, fimbo mkononi, kofia ya manyoya kichwani. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, asiyetabasamu ovyo. Ng'ombe waliachwa nje ya ua, njiani, kama desturi inavyotaka.

Isidore alionja kwanza, kuonyesha kwamba pombe ni salama. Kisha kibuyu kikapewa Papa Raphaël. Mzee alinusa. Alinusa tena. Delphine, aliyekuwa amefunikwa kanga katikati ya shangazi zake, alishika mkono wa mama yake na kuubana.

Papa Raphaël alikunywa fundo moja. Alifumba macho. Kule nje mikia ya ng'ombe ilifukuza nzi. Akanywa la pili. La tatu lilikuwa refu.

"Muvure iko wapi?" aliuliza.

Alipelekwa. Aliuzunguka mara mbili. Aliugonga kwa kidole. Aliinama, akapitisha mkono chini. Alifika kwenye ule ufa uliozibwa kwa nta, akauangalia kwa muda.

"Huu?" aliuliza.

Isidore angeweza kusema umetoka na mti wenyewe.

"Niliharibu mimi, Papa," alisema. "Niliweka ku jua. Na mbele ya hii niliharibu ingine nzima, ya mukaratusi. Sikujua kitu ya magogo. Hii ilikauka na inashika maji sababu kuna mutu alinifundisha."

"Ni nani?"

Maman Virginie alikuwa amealikwa, naye alikaa nyuma kabisa, karibu na jiko, na kilemba chake cha kijani. Isidore alikwenda, akamshika mkono, akamleta mbele. Akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, kiti cha baba wa binti, na yeye akabaki amesimama. Wazee waliguna. Papa Raphaël hakuguna. Alivuta kigoda chake karibu na kile kiti.

"Maman," alisema, na sauti yake ilishuka, "kule Mudaka niliangusha muti muzuri. Niko natafuta muvure mupya. Gogo iko mu uwanja."

"Ku jua?"

Mzee alikohoa. "Ku jua."

"Na maganda yake?"

"Na maganda."

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Haijachelewa sana. Tuma mutu leo, aifunike, afunge vichwa na udongo. Alafu uniambie ni muti gani."

Papa Raphaël alituma mpwa wake hapo hapo, na yule kijana akaondoka mbio bila kula. Kisha mjomba wa Lucien akataka kujua juu ya boriti. Mwingine akauliza habari za mchwa. Mwingine alikuwa na kinu kinachoacha vipande kwenye unga. Wazee walisogeza vigoda, kibuyu kikazunguka, na Maman Virginie akajibu mmoja mmoja. Asilolijua alisema halijui, na akataja wa kumwuliza. Muda ulipita. Nje ng'ombe walianza kulia kwa kiu.

Mwishowe kanga ilifunuka katikati ya shangazi, na uso wa Delphine ukatokea.

"Munisamehe, bazee," alisema. "Harusi ni yangu, ao ni ya magogo?"

 Emérence alitamani ardhi immeze. Ndipo Papa Raphaël alipocheka, yule mzee asiyetabasamu ovyo, akacheka hadi kofia ikamwangukia magotini. Alisimama, akainua fimbo kuelekea njiani.

"Fungueni," alisema. "Ng'ombe ziingie."

Ng'ombe wa kwanza akaingia uani, mweupe mwenye pembe ndefu, na Emérence akapiga kigelegele.